Kuku kwa Watu Wawili

Katika miaka ishirini na sita ya ndoa yetu, mimi na mke wangu tulikula tukitazamana mara tatu tu. Mara zote tatu zilikuwa mkahawani.

Nyumbani hatukula pamoja. Ndivyo nilivyomkuta baba yangu akila: wanaume mbele ya nyumba, wanawake na watoto jikoni. Nilipooa niliendelea hivyo hivyo bila hata kufikiri. Mimi ni fundi seremala. Kazi ya kwanza niliyoifanya kwa ajili ya nyumba yangu ilikuwa meza ya mninga na viti sita. Majirani wa pale Majengo walikuja kuitazama, wakapitisha viganja juu yake. Mke wangu aliifuta kila asubuhi. Alipanga chakula juu yake, akaninawisha mikono, kisha akarudi jikoni. Alikaa kwenye viti vile kuchambua mchele, na alikaa kumfundisha binti yetu kusoma. Kula, sikumbuki hata siku moja.

Kwa hiyo nikitaka kumkumbuka mke wangu akila, ninazo siku tatu tu.

Ya kwanza ilikuwa wiki moja baada ya harusi. Nilimpeleka mkahawa mmoja karibu na stesheni. Nilivaa shati jeupe la harusi, yeye alivaa gauni la kijani alilotunzwa na mama yake. Mhudumu alikuja na kitambaa begani, akauliza tunakula nini.

"Kuku," nikasema. "Kuku kwa watu wawili, na chipsi."

Sikumuuliza mke wangu. Sikujua kwamba mtu huuliza. Kwetu kuku huchinjwa akija mgeni: mkwe, mchungaji, mjomba aliyetoka mbali. Nilitaka binti wa watu aliyetoka kijijini Zuzu aone kwamba kwangu yeye ni mgeni wa heshima, na niliona hakuna namna nzuri zaidi ya kulisema hilo.

Alikula chipsi, moja moja, kama anayezihesabu. Paja la kuku akalisogeza kwenye sahani yangu.

"Kula wewe, unafanya kazi nzito."

"Na wewe je?"

"Mimi nimeshiba, baba."

Kesho yake nilijisifu karakana nzima. Niliwaambia wenzangu kwamba nimepata mke ambaye hata mnofu wa mdomoni mwake anakupa wewe. Mmoja akasema, "Subiri uzeeke, atakupa mifupa." Tulicheka sana.

Katika miezi ile ya mwanzo aliwahi kuniletea mlenda mezani. Nilikuwa na mteja, mtu wa ofisi, amekuja kuagiza kabati. Mke wangu aliweka ugali wa uwele na bakuli la mlenda, ile mboga ya majani inayoteleza, aliouchuma na kuukausha mwenyewe msimu wa mvua. Mimi nimekulia mlenda. Kuna miaka mvua ziligoma, tukaula asubuhi na jioni, hadi nikauchukia. Lakini siku ile haikuwa chuki tu. Nilimwonea haya mteja.

"Toa hayo makamasi hapa," nikamwambia mke wangu. "Mgeni atatushangaa."

Mteja alisema hapana, mama, acha, mbona kizuri. Mke wangu alikuwa ameshaliinua bakuli. Alitabasamu, akaenda nalo. Tangu siku hiyo mlenda haukukaa tena juu ya meza yangu. Niliamini umeondoka nyumbani kabisa.

Mara ya pili tuliyokula pamoja ilikuwa binti yetu alipomaliza kidato cha nne. Huyo ndiye mtoto wetu pekee. Niliwachukua wote wawili kwa bajaji hadi sehemu moja njia ya Makutupora, penye viti vya plastiki na jiko kubwa la kuchomea. Niliagiza kama kawaida yangu. Binti akafungua mdomo.

"Baba, lakini mama ha..."

Ghafla akauvuta mguu wake chini ya kiti. Nilidhani ni siafu. Nikainama kutazama.

"Hakuna kitu," mke wangu akasema. "Kuleni, kitapoa."

Alikula kachumbari na ndizi za kuchoma. Nilimtania mbele ya binti: "Mama yako huyu ni mtu wa kanisa sana, hata kuku amefunga kumla." Alicheka pamoja nasi. Tulipotoka, kando ya barabara kulikuwa na akina mama wanauza zabibu kwenye ndoo. Akanunua fungu kubwa. Alizila njia nzima hadi Majengo, akitemea mbegu kiganjani, juisi ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Upepo ulikuwa unapiga kitambaa chake cha kichwani, naye hakujali. Nikamwambia, "Mama, utafikiri hujala tangu jana." Akasema, "Ni za msimu, zitaisha." Sikujiuliza kwa nini mtu aliyetoka kwenye kuku mzima ana njaa kiasi kile.

Mara ya tatu ilikuwa mwaka juzi. Tulikuwa tumetoka kuchukua majibu yake ya vipimo, na majibu hayakuwa mazuri. Hakulia. Mimi ndiye niliyesimama nje ya geti la hospitali nikiwa sijui tugeuke upande gani. Nikasema twende tukale. Mji wetu siku hizi umejaa sehemu za kulia, zenye vioo na feni kubwa, na mojawapo mimi ndiye niliyewatengenezea viti. Nikampeleka hapo.

"Hicho ulichokalia nimekitengeneza mimi," nikamwambia.

Akapitisha mkono kwenye mgongo wa kiti, polepole, kama anayetafuta misumari.

"Kumbe," akasema. "Leo na mimi nimekalia kiti chako, nikala."

Nilicheka. Nilidhani ni utani.

Msichana akaleta orodha ya vyakula. Mke wangu akaipokea. Alisoma vizuri kuliko mimi, mimi niliishia la saba na nilikuwa mtoro. Akaishusha orodha mezani, akawa anapita na kidole mstari kwa mstari, hana haraka, midomo inacheza kidogo. Kidole kikasimama mahali. Nilikiona kikisimama. Msichana alikuwa amesimama na kalamu, na mimi niliona tunamchelewesha, na pia, nitasema kweli, nilitaka nionekane mtu anayepajua pale. Nikaivuta ile orodha kutoka mkononi mwake.

"Kuku," nikasema. "Kwa watu wawili."

Kidole kilisimama wapi, sijui. Nimerudi pale mara mbili tangu afariki. Nimeomba orodha, nimeisoma kuanzia juu hadi chini. Wamebadilisha.

Alipolazwa, niliamini supu ndiyo itakayomwinua. Kila mchana niliacha kazi, nikanunua supu ya kuku kwenye mgahawa wa jirani na hospitali, nikaitia kwenye chupa ya chai na kuibeba wodini. Alinyoosha mkono, akaishika chupa, akasema ahsante. Mdogo wake wa Zuzu, ambaye ndiye aliyekuwa analala naye hospitalini, akasema, "Acha hapo shemeji, nitampa ikipoa kidogo." Nikirudi jioni, chupa iko tupu imeoshwa. Nilifurahi. Nilimwambia kila aliyeniuliza kwamba chakula kinapita.

Siku moja nilisahau simu yangu kitandani kwake, nikarudi kuichukua. Nikamkuta mgonjwa wa kitanda cha pili anakunywa supu yangu, na mke wangu anatazama dirishani.

Sitaficha nilichosema. Nilisema, "Mimi nahangaika juani, wewe unagawa? Kama umeamua kufa, sema, tusisumbuane."

Wodi nzima ilisikia. Mdogo wake alisimama, akaanza, "Shemeji, sikiliza..." Mke wangu akainua mkono kumnyamazisha. Akaiomba ile chupa. Akamimina iliyobaki kwenye kifuniko, akafumba macho, akanywa yote. Nilisimama pale hadi alipomaliza, kama askari. Kisha akaninyooshea kifuniko na kusema, "Nimemaliza, baba watoto. Nenda kazini." Sikuwa nimefika mwisho wa korido nilipomsikia anatapika. Nilidhani ni ugonjwa.

Alifariki siku nne baadaye. Katika siku hizo nne hatukuzungumza jambo lolote la maana.

Mwaka ulipotimia tulipanga ibada ya kumbukumbu na kuweka msalaba wa saruji kaburini. Nilitaka jambo moja tu. Nilitaka watu wale chakula alichokipenda yeye. Nililifikiria wiki kadhaa. Harusini walikula chakula cha harusi, msibani walikula makande ya msiba. Siku hii nilitaka iwe yake. Na kila nilipojiuliza alipenda nini, nilirudi kwenye zile siku tatu, na katika zote tatu nilimwona ameketi mbele ya kuku.

Nikanunua kuku ishirini, wa kienyeji, mitetea walionona. Nikawafunga miguu na kuwaweka uani kwenye kivuli.

Asubuhi ya siku ile wanawake walifika mapema. Shemeji alitoka Zuzu na bodaboda, mfuko wa unga kifuani. Nilimpokea mfuko, tukasalimiana. Akawatazama wale kuku kwa muda mrefu.

"Hawa wa nini?"

"Wa leo. Nimetaka tupike alichokipenda dada yako."

Akavua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akaenda kuinjika maji ya kunyonyolea. Binti yangu, ambaye sasa ameolewa na ana mtoto, alikuwa anamenya vitunguu. Niliona wametazamana. Wanawake wengine walikuwa wanapiga soga. Mmoja alimnyanyua kuku mmoja, akampima kwa mkono, akasema, "Huyu amenona kuliko mwenye nyumba." Wakacheka, na mimi nikacheka.

Kisha shemeji akaniuliza, bila kugeuka, "Kile chungu chake kidogo kiko wapi? Chenye pengo mdomoni?"

Nilikijua. Nilikikuta nyuma ya pipa la mahindi, wiki chache baada ya mazishi, nilipokuwa nasafisha jiko. Sikuwahi kukiona kikipikiwa kitu. Nilidhani ni kikuukuu kilichosahauliwa. Nilikipeleka karakana.

"Nachanganyia vanishi," nikasema.

 Aliyekuwa ananoa kisu aliacha.

"Vanishi," shemeji akasema.

"Sikujua kama kina kazi."

"Hukujua." Sasa aligeuka. Maji yalikuwa yanachemka nyuma yake. "Shemeji, nikuulize, maana mimi nilikatazwa kusema, na aliyenikataza hayupo tena. Wewe dada yangu uliwahi kumwona anatafuna kuku?"

Nikaanza kusema ndiyo. Nikatafuta. Nikaliona paja linasogezwa kwenye sahani yangu. Nikaziona zile ndizi na kachumbari. Nikaona siku ya majibu, jinsi alivyouchambua mnofu kwa vidole hadi ukawa nyuzi, nyuzi zikabaki sahani nzima, nami nikadhani hana hamu kwa sababu ya majibu.

"Hapana," nikasema.

"Kwetu wageni walikuwa hawaishi, baba alikuwa mzee wa kanisa. Wakija, anachinjwa kuku, na kazi ya kunyonyoa ni ya dada. Mtoto wa miaka saba, minane, mikono kwenye maji ya moto. Tukimaliza, kuku anakwenda mbele kwa wanaume. Sisi tunabaki na harufu ya manyoya mabichi. Mimi nilikuwa nalilia kuonja. Yeye alikuwa anatapika. Hadi anaolewa alikuwa hawezi kumtia kuku mdomoni. Kijiji kizima kilijua."

"Amenipikia miaka yote."

"Alikupikia, ndiyo. Akijifunga kanga puani. Muulize huyu."

Nikamtazama binti yangu. Alikuwa anafuta macho kwa mgongo wa mkono, na vitunguu vilimpa kisingizio.

"Nilitaka kukuambia siku ile ya Makutupora," akasema. "Mama akanikanyaga. Tuliporudi akaniambia, usimwambie baba yako, yeye anafurahi akituagizia."

Nikauliza swali ambalo sasa naona nilipaswa kuliuliza karibu na stesheni, nikiwa na shati jeupe. "Kwani alipenda nini?"

Wakanijibu kwa pamoja, kama wanavyojibu watu kitu ambacho kila mtu anakijua. Mlenda. Mlenda na kiporo cha ugali wa uwele. Binti akanieleza kwamba kila siku saa saba mchana, nikiwa karakana, mama yake alikitoa kile chungu nyuma ya pipa, akapika, wakala wawili wakiwa wamekaa chini, na mama mdogo akija wakawa watatu. Walicheka sana hapo. Mama yake alikuwa anaigiza watu wa kanisani jinsi wanavyoimba. Hilo lilinichoma kuliko yote. Sikuwahi kujua kwamba mke wangu anaweza kuigiza mtu. Kisha waliosha chungu, wakafungua dirisha, wakakirudisha nyuma ya pipa kabla sijarudi. Nyumbani kwangu palikuwa na mlo mwingine, na ndio uliokuwa na furaha, na mimi ndiye niliyekuwa nafichwa.

"Na hospitali?" nikauliza.

"Mimi nilikuwa namletea mlenda kwenye kopo," shemeji akasema. "Alikuwa anakula vijiko viwili, vitatu. Hadi siku ile ya kelele zako. Baada ya ile supu hakuweza kula tena. Kila ukimsogezea kitu pua yake ilikuwa inasikia kuku."

Hakulisema kwa ukali. Afadhali angelisema kwa ukali.

Kuku walichinjwa. Wageni wangefika, na hapakuwa na kitu kingine cha kuwalisha. Harufu ya manyoya kwenye maji ya moto ikajaa uani, na kwa mara ya kwanza niliisikia. Miaka yote nimekula kuku, harufu ile sikuwahi kuisikia kwa sababu sikuwahi kuwa uani. Ni mbaya. Inakaa kooni.

Tulikwenda kaburini, tukaweka msalaba, tukaimba. Mchungaji akasema maneno mazuri juu ya mke mwema. Tuliporudi, watu walikaa mbele, wazee wakapewa meza yangu ya mninga, wakasifu kuku. Mimi nikazunguka nyuma, nikaingia jikoni.

Shemeji alikuwa amepika mlenda kwenye sufuria. Ule unga aliokuja nao ulikuwa wa majani ya mlenda, wa mke wangu mwenyewe, mabaki ya ule alioukausha mvua za mwisho alizoziona. Binti alikuwa naye, na mtoto wake mgongoni. Waliponiona mlangoni waliinua vichwa.

"Nenda mbele, shemeji," shemeji akasema. "Huku moshi utakuharibia suti."

"Nataka kula huku."

Binti akasogea. Nikakaa chini sakafuni, suti na yote. Nikanawa mwenyewe. Nikamega ugali, nikachovya, ukavutika ule uzi wake mrefu kutoka kwenye bakuli hadi mdomoni. Nikameza.

Nilikuwa nimejiambia kwamba nitaupenda. Nilidhani hata utakuwa na ladha yake, kwamba nitakutana naye mle. Ulikuwa ni mlenda wa miaka ya njaa, ule ule niliouchukia utotoni. Nikamega tena. Nikameza tena, nimekaza macho kwenye moto.

"Baba," binti akasema. "Huupendi."

Nikatikisa kichwa, sijui nilimaanisha ndiyo au hapana.

"Sema tu, baba. Hatutakasirika."

Nikasema, "Siupendi."

Shemeji akanyoosha mkono, akalichukua bakuli kutoka mbele yangu, akaliweka upande wake. Kisha akafunua sufuria ya pili, akanichotea kuku.